Pini Mdomoni

Meneja alikuwa amesimama katikati ya sebule na soksi zake, mikono ameitanua kama mtu anayepekuliwa, na Fundi amepiga magoti miguuni pake akibana pindo la suruali. Ndivyo binti wa nyumba alivyowakuta alipotoka kazini Ijumaa ile. Aliganda mlangoni. Bosi wako ukimkuta ofisini ana viatu na tai. Ukimkuta kwenu, kidole gumba kimechungulia kwenye tundu la soksi, hujui uangalie wapi.

"Pita ndani, karibu," Meneja alisema, utadhani nyumba ni yake. "Usiogope, hapa si ofisini. Hapa mwenye amri ni mzee wako."

Fundi alichekea puani. Kwenye kona ya midomo alikuwa na pini zake, kama ilivyokuwa desturi yake miaka yote. Binti alipokuwa mdogo alipenda kumwiga, akachapwa kwa hilo mara moja na hakurudia: pini ni za fundi, mtoto atazimeza. Akiwa nazo mdomoni Fundi hasemi, anaguna tu, na mkewe alishajua kuisoma miguno yake. Huu ni ndiyo, huu ni hapana, huu ni leta maji.

"Fundi, nikwambie kitu," Meneja aliendelea, akijitazama kwenye kioo cha kabati. "Huyu binti yako wewe humjui. Mimi ndiye ninayemjua. Pale ofisini tuna kalamu za aina tatu. Hawa wadogo wanatia tiki kwa wino wa bluu. Wakubwa wao wanapitia kwa kijani. Nyekundu ni yangu peke yangu, na hesabu za mteja hazitoki mlangoni bila tiki nyekundu. Sasa unajua nimefanya nini? Nyekundu yangu nimempa huyu. Nimemwambia, mimi nazunguka kutafuta wateja, wewe kaa, pitia, tia tiki kwa niaba yangu. Kuna watu wazima mle ndani, sikuwapa wao. Nimempa huyu."

Fundi aliliacha pindo. Alizitema pini zote kwenye kiganja, haikubaki hata moja, akainuka huku goti likimlia, akaupokea mkono wa Meneja kwa mikono yake miwili.

"Meneja, heshima uliyonipa sijui nitairudisha vipi," alisema. "Mungu akuzidishie. Huyu tangu mdogo ndiye aliyekuwa ananihesabia vifungo. Tulimwita Mhasibu kabla hajajua kuandika jina lake."

"Basi sasa ni Mhasibu kweli. Muda wa majaribio ukiisha tu, barua yake ya ajira iko mezani kwangu."

Mama akatoka jikoni na soda ya baridi na glasi ile moja ya wageni, akamkabidhi Meneja akiwa amepiga goti kidogo, jambo ambalo mumewe mwenyewe hakuwa amelipata siku nyingi. Mhasibu, na sisi tumwite hivyo kama mtaa mzima ulivyomwita, alisimama pale mlangoni na mkoba wake, uso umemwiva kwa haya na kwa furaha. Hakuwahi kumwona baba yake ameshukuru namna ile.

*

Furaha yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya nyumbani tu. Ofisini ilikuwa hadithi nyingine.

Ilikuwa ofisi ya kutunza hesabu za watu: wenye maduka, wenye magari ya mizigo, mwenye bekari, mwenye shule ya chekechea. Mhasibu aliingia pale na cheti kilichomgharimu baba yake mashati na suruali zisizo na idadi, akapewa kiti kilichokatika mgongo. Ukijisahau ukaegemea, unajikuta unaitazama dari. Aliomba kingine, akaambiwa watu wa majaribio hawaagiziwi samani. Muda wa majaribio ulipoisha ukaongezwa, na ulipoisha tena ukaongezwa tena, kila mara Meneja akimpigapiga begani na kusema, "Tunakuangalia kidogo." Kana kwamba binadamu ni chungu kilichoko jikoni.

Na vikombe vilikuwa vyake. Hakuna aliyewahi kumwambia vikombe ni vyake, ila siku ambayo hakuviosha viliachwa juu ya meza yake, kimoja kimoja, kila mtu akipita anaweka chake. Akikaa hadi giza kumaliza makaratasi ya wengine, hakulipwa chochote cha ziada. Akichelewa asubuhi kidogo kwa ajili ya mvua, alikatwa. Alipouliza, Meneja alifungua mikono yake mirefu na kusema neno alilolipenda kuliko yote: "Sisi hapa ni familia."

"Familia gani hiyo," Mhasibu alisema jioni moja nyumbani, akivua viatu, "ambayo mtoto mmoja anaosha vikombe vya wote, na hata jina lake hawalijui? Juzi mmoja ameniita 'wewe wa kiti kibovu.' Naichukia kazi ile, baba. Kuna siku naipita ile ngazi natamani nigeuze."

"Vumilia, mama," Fundi alijibu. Cherehani yake ilikuwa kibarazani imefunikwa shuka, maana siku hizo watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, za bei ya chini, na fundi walimkumbuka zipu ikiharibika. "Kalamu ya mkubwa ukishaishika, hayo madogo yanapita."

Akavumilia. Alijikaza kisabuni, akapitia majalada ya wateja kwa bluu yake, akayapitia tena kwa nyekundu ya Meneja. Mwanzoni alitaka kuandika "Kny" pembeni ya kila tiki, yaani kwa niaba ya, kama anavyoandika kila anayesaini kwa ajili ya mkubwa wake. Meneja akamcheka. "Tiki haina Kny, bibie. Utawatia wateja wasiwasi bure. Tia tiki, basi."

Halafu likaja jalada la mwenye bekari. Mwenye bekari alikuwa na maduka mawili, kila mtu mjini alijua, mkate wa Mhasibu mwenyewe ulitoka duka la pili. Lakini kwenye makaratasi lilionekana la kwanza tu. Alilibeba jalada hadi mlangoni, akamkuta Meneja anatoka, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

"Samahani, Meneja. Hapa mauzo ya duka la pili hayamo."

"Hilo nalijua. Nimeshazungumza naye. Wewe tia tiki."

"Lakini watu wa kodi wakiuliza..."

"Jamani, sikieni," Meneja aliwageukia wote waliokuwa kwenye meza zao. "Mtu wa majaribio ananifundisha kazi!" Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata wale waliokuwa na simu masikioni. Mhasibu alirudi kwenye kiti chake kibovu, masikio yanamwaka, akatia tiki nyekundu. Aliitia ili kicheko kiishe. Kosa lake lilikuwa hilo, na hakuwa na jingine.

*

Watu wa kodi walikuja, kama wanavyokuja. Mwenye bekari akapigwa faini iliyomfanya apande ngazi za ofisi ile akiwa na unga bado kwenye nyusi, akipiga kelele hadi wapita njia wakasimama chini kusikiliza. "Nimewalipa mnitunzie hesabu! Nimewalipa ili nilale!" Mkurugenzi, mama mtu mzima aliyeianzisha ofisi ile na ambaye sasa alikuja mara mojamoja tu, alimkalisha, akamwomba radhi, akamwagizia chai. Kisha akafunga mlango, akawaita Meneja na Mhasibu.

Jalada lilikuwa wazi mezani. Mkurugenzi aliweka kidole kwenye tiki.

"Hii ni yako?" alimwuliza Meneja.

Meneja aliinama, akaitazama kama mtu anayetazama mdudu. "Wino ni wangu. Mkono si wangu." Akanyoosha mgongo. "Kalamu ilikuwa kwenye droo. Nilishangaa siku zote inakwisha haraka."

Mhasibu alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia, akitegemea kuona mzaha usoni mwake. Hakukuwa na mzaha wowote. Kulikuwa na huruma, ile huruma ya mtu anayemtazama kuku kabla ya kisu.

"Meneja, si ulinipa mwenyewe? Mbele ya watu wote?"

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. Aliwaita wafanyakazi, mmoja mmoja. Wote walikuwa wameona, na wote walikuwa na kodi za nyumba na ada za watoto. Mmoja alisema kazi zilikuwa nyingi, hakuangalia. Mwingine alisema kalamu zote kwake ni kalamu. Karani mkongwe, waliyemwita Mzee wa Stempu kwa sababu mihuri yote ilikuwa chini yake, na ambaye Mhasibu alimtilia sukari kwenye chai kila asubuhi bila kuombwa, alitazama sakafu. "Mama, mimi nimebakiza kidogo tu nistaafu," alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote.

"Sikiliza, binti," Meneja alisema kwa upole walipobaki watatu. "Andika barua fupi. Kwamba uliichukua kalamu bila ruhusa na unaomba radhi. Tutampelekea mwenye bekari, atapoa, yataisha. Sisi ni familia."

"Nikiandika hivyo, nani ataniajiri tena kushika hesabu zake? Ukishaitwa mtu wa kughushi, umeitwa." Akamgeukia Mkurugenzi. "Mama, Meneja alisema mbele ya baba yangu. Alikuja nyumbani kupimwa suti, akamweleza kila kitu, kalamu zote tatu, kwamba nyekundu amenipa mimi. Muulizeni baba yangu."

Kwa mara ya kwanza Meneja alipepesa macho.

"Baba yako ni yule fundi?" Mkurugenzi aliuliza. "Aliwahi kumshonea marehemu mume wangu. Haya. Mlete Alhamisi. Akisema hapa mbele yangu kwamba alisikia, nitamwamini yeye, na huyu hapa tutazungumza naye mimi na yeye."

*

Fundi alipoelezwa alipiga ngumi kwenye meza ya kukatia hadi mkasi ukaruka. "Alhamisi? Mimi hata leo naenda! Alisimama hapa, hapa hapa, na soksi zake zilizotoboka!" Mama alicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Mhasibu alikula siku ile kama mtu aliyepona homa.

Siku ya pili yake Meneja alipita pale mtaani, lakini Mhasibu alikuwa kazini, akiosha vikombe, na hakumwona.

Jumatano alipofika nyumbani alikuta sebule haina pa kukanyaga. Majora ya kitambaa cha kijivu yalikuwa yameegemezwa ukutani, mengine juu ya kochi, mengine yamelala mlangoni. Cherehani kibarazani ilikuwa imefunuliwa, imepigwa mafuta, inang'aa.

"Kazi imeingia!" Mama alisema, akijipenyeza katikati ya majora na sufuria mkononi. "Sare, mwanangu! Makoti na suruali na sketi, za watu chungu nzima!"

"Za nani, baba?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Aliguna.

"Anasema za hoteli," Mama alitafsiri. "Hoteli moja mpya."

"Na kesho utakuja?"

Aliguna tena, na Mama akasema huo ni ndiyo. Mhasibu alimbusu baba yake kwenye utosi, palipoanza kuwa na upara, akaenda kupiga pasi shati jeupe ambalo baba yake angelivaa asubuhi.

*

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kiti cha wageni, kofia juu ya magoti, utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni, ameusahau. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza. Meneja alisimama dirishani amevaa ile suti. Ilikuwa imemkaa vizuri. Pindo la suruali liligusa kiatu pale pale linapotakiwa kugusa, na Fundi alilitazama hilo pindo muda wote bila kubandua macho.

"Fundi, sina maneno mengi," Mkurugenzi alisema. "Meneja alipokuwa kwako akipimwa, alisema kwamba kalamu yake nyekundu amempa binti yako atie tiki kwa niaba yake? Alisema, au hakusema?"

Fundi alikohoa. Alifungua mdomo, akaufunga, akaupangusa kwa kiganja.

"Mama, kazi yangu mimi ni ya magoti," alianza. "Mtu akipimwa anaongea mengi. Wengine wanaongea siasa, wengine wake zao. Mimi nakuwa na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni akili yake yote iko hapo, asije akazimeza. Kuongea nilisikia anaongea. Alichokiongea, siwezi kukuapia."

Mhasibu alimtazama.

"Hukusikia neno kalamu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nilikuwa na pini mdomoni, mama."

"Ulizitema," Mhasibu alisema. "Baba. Ulizitema zote mkononi. Ukasimama, ukamshika mkono, ukamwambia Mungu akuzidishie. Ukamwambia habari za vifungo."

"Sikumbuki, mwanangu."

"Baba, niangalie."

Fundi hakumwangalia. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akawatazama wote watatu kwa zamu, na huenda alielewa, kwa maana alikuwa mama wa makamo na si mjinga. Lakini alikuwa ameuliza mbele ya watu, akajibiwa mbele ya watu.

"Basi," alisema. "Utaandika barua?"

"Siandiki, mama. Sikuichukua. Nilipewa."

"Basi hutuachii njia nyingine."

Meneja akaguna kwa masikitiko, kama ndugu wa marehemu.

Walitoka baba na binti, hatua moja moja kwenye korido, Mhasibu akiwa amebeba mkoba na kikombe chake mwenyewe, kitu pekee kilichokuwa chake pale ndani. Mlangoni Mzee wa Stempu aliinuka mbio kutoka kwenye meza yake. Alikuwa hajaambiwa lolote la yaliyotokea mle chumbani, maskini, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

"Fundi! Afadhali nimekuona. Ile sare, kwangu kola usiibane sana, shingo yangu inavimba mchana. Meneja katuambia wewe ndiye utatushonea ofisi nzima. Tunapimwa lini?"

Mhasibu alizishuka ngazi zile peke yake, haraka, na baba yake akamfuata kwa mbali, utepe unampigapiga kifuani.

*

"Baba Mhasibu, umefanya nini?" Mama aliuliza. Aliuliza akiwa amesimama katikati ya majora ya kijivu, na alipoelewa kitambaa kile ni cha nani, akakiondolea mkono kana kwamba kimemuunguza.

Fundi aliketi kwenye benchi la cherehani, amewapa mgongo. "Meneja aliniapia huyu hatafukuzwa," alisema. "Alisema huyu ataandika barua, ni karatasi tu, yatapita. Na kazi ya sare ingeendelea, kila mwaka. Aliniapia hapa hapa."

"Alikuapia," Mhasibu alisema. "Na siku hiyo pini zilikuwa wapi, baba? Hiyo uliisikia vizuri?"

Fundi aligeuka, na sasa alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyekosa pa kujificha. "Unajua cherehani hii imekaa imefunikwa tangu lini? Unajua? Mama yako akitaka sabuni anakuangalia wewe. Akitaka chumvi, wewe. Mimi ananipita kama kochi. Nimemlisha mtu maisha yangu yote kwa miguu hii na mikono hii, leo nakula mshahara wa binti yangu huku nimekaa kibarazani nasubiri zipu! Na kazi yenyewe, si wewe uliyeilaani kila jioni? Vikombe, kiti kibovu, familia gani hii. Si ulisema unaichukia? Nikasema moyoni, hata ikienda, itakuwa ameshushiwa mzigo."

Hilo lilimuuma Mhasibu kuliko lile la ofisini. Ofisini baba yake alisema uongo. Hapa alikuwa anasema kweli, maneno yalikuwa yake Mhasibu mwenyewe, aliyatamka akivua viatu, mwisho wa siku, kwa watu aliodhani ni wa kuambiwa.

"Nilikuwa nalalamika nyumbani, baba," alisema. "Nilikuwa nalalamikia kwetu."

Akaingia chumbani kwake. Mama alitaka kumfuata, akasimama, akamtazama mumewe, akayatazama majora, akarudi jikoni. Sufuria ziligongana kule kwa muda mrefu bila kitu chochote kupikwa.

*

Habari za tiki zilimtangulia Mhasibu kila alikokwenda. Mji wenye ofisi chache za hesabu, wenye ofisi hizo wanajuana. Palipokuwa na nafasi aliambiwa imejazwa, na mmoja, mkweli kuliko wenzake, alimwuliza kwa kicheko kama ni yeye yule wa kalamu nyekundu. Alijibu kwamba ndiye. Akachukua cheti chake, akaaga.

Nyumbani cherehani haikunyamaza. Mteja alikuwa anataka sare zake, na mteja huyo hakuwa mtu wa kungoja. Chakula kilirudi kuwa kizuri. Mama alinunua sabuni bila kumtazama mtu. Fundi alikata, alishona, alipinda, hakuimba kama alivyokuwa akiimba zamani akiwa na kazi nyingi, na mezani alikula upesi na kuondoka kabla binti hajakaa.

Mchana mmoja Mama alikuja mlangoni mwa chumba. Vidole vyake vilikuwa vimetobolewatobolewa na sindano.

"Mhasibu, mwanangu." Hakuweza kumtazama usoni. "Vifungo na mapindo vinatushinda. Wanakuja kuchukua kesho. Najua. Najua, mama yangu. Lakini ndicho tunachokula."

Mhasibu aliinuka. Alitoka hadi kibarazani, akajivutia kigoda, akaketi mbele ya rundo la makoti ya kijivu, akachukua la juu. Alizijua nguo zile bila kuambiwa. Kola pana hii ilikuwa ya Mzee wa Stempu. Mikono mirefu ile ilikuwa ya Meneja. Alishona kifungo, akakata uzi kwa meno, akachukua nyingine. Mama alisimama kidogo, kisha akawaacha wawili.

Cherehani ikanyamaza. Fundi alikuwa ameinama chini ya meza, akatoa koti lililokunjwa peke yake, mbali na mengine. Lilikuwa dogo, la kike, limebanwa kiunoni vizuri. Mapindo yake tu ndiyo yalikuwa bado.

"Hili ni lako," alisema kwa sauti ndogo. "Nililikata la kwanza. Siku ile ile kitambaa kilipokuja. Vipimo vyako sihitaji kupima." Alilinyoosha juu ya magoti, akaliondolea nyuzi ambazo hazikuwapo. "Nilijua ungekuwa bado uko pale, mama. Haki ya Mungu nilijua hivyo. Aliniapia. Mimi ni mzee mjinga." "Nimekukosea. Nimekuuza, mwanangu, na hata bei yenyewe sikuijua. Sema neno lolote. Nitukane. Lakini kama unaweza, niambie umenisamehe."

Mhasibu alilipokea koti. Alilikunja pindo kwa upana unaotakiwa, akalipapasa kwa kidole gumba likae sawa. Kisha akalivuta lile kopo la pini lililokuwa pembeni ya cherehani, akachukua pini moja akaiweka kwenye kona ya midomo. Akaweka ya pili. Akaweka nyingine, na nyingine, taratibu, hadi midomo ikafunga.

Fundi aliinua mkono kumzuia kama alivyomzuia alipokuwa mtoto, mkono ukaishia hewani. Aliketi pale, utepe shingoni, akimtazama binti yake akibana pindo. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema, hilo yeye ndiye aliyelisema mbele ya watu. Lakini kuguna anaweza, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa hiyo alingoja mguno.

Alingoja hadi pindo likaisha. Mhasibu hakuguna.